Kicheza Muziki cha Mfukoni: Umbo Zuri, Sauti Yenye Mvumo
Nilikinunua kicheza muziki hiki katika duka moja la barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, nikivutiwa na wepesi wake na betri ambayo, kwa haki yake, haijaniangusha. Tatizo ni sauti. Hata kabla wimbo haujaanza, husikika mvumo mwembamba kama wa mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni, nao huzidi kila kioo kinapowaka. Nilidhani kosa ni la mafaili yangu ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kweli hupoteza sehemu ya sauti yanapobanwa. Nikaweka nyimbo zilezile za benga, muziki wa gita wa Kenya, katika FLAC, muundo usiopoteza chochote, na mvumo ukabaki palepale. Vipokea sauti hivyohivyo, nikivichomeka kwenye simu yangu, havitoi mvumo wowote. Isitoshe, kichomeo kikiguswa kidogo tu katika tundu lake la milimita 3.5, upande wa kushoto hukatika, gita la pili likatoweka na kuniachia besi peke yake. Muuzaji alinishauri nipunguze sauti, ushauri usio na maana kwa msafiri wa matatu. Nimekirudisha na kudai fedha zangu.