Uzoefu wangu: kusoma picha za PNG zenye uwazi kwa GNU Octave

Jani la muhogo, bichi na zima kabisa, lilinipa wastani wa kijani wa 43. Nililichukua nikalitazama tena dirishani. Lilikuwa kijani kibichi, na 43 kati ya 255 ni karibu na giza. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kuchunguza jinsi Octave, programu ya hesabu ninayopimia majani, inavyosoma picha zenye sehemu wazi. Sasa nimemaliza msimu mzima wa kupima majani kwa programu hii, nami naandika kwa ajili ya yeyote mwenye kazi kama yangu.

Naskani majani kwa nukta 300 kwa inchi, kisha naondoa mandharinyuma kwa programu nyingine na kuhifadhi faili la PNG. Hubaki jani peke yake, pembeni kote pakiwa wazi. Usihifadhi kama JPEG, maana JPEG haina mahali pa kuweka uwazi na kazi yote ya kukata jani itapotea. Octave hunihesabia eneo na rangi: jani lenye batobato, ugonjwa wa muhogo, huwa na mabaka ya njano na hujikunja, na mimi nataka mabaka hayo yawe namba.

Nilikuwa naandika hivi:

picha = imread("jani.png");

Ukiandika hivyo unapata nyekundu, kijani na bluu tu. Uwazi unaachwa bila onyo lolote. Lakini pikseli tunayoiona wazi bado ina rangi chini yake, kwa kuwa PNG huhifadhi rangi na uwazi kila kimoja kwa namba zake. Programu niliyokatia majani ilijaza sifuri sehemu zote zilizo wazi. Jani langu lilichukua theluthi moja na ushei ya picha, basi wastani ukaburutwa chini na weusi ambao macho yangu hayakuuona. Ingejaza nyeupe, ningepata kosa la upande wa pili, na huenda nisingelishtukia.

Dawa yake ni kuomba vitu vitatu:

[picha, ramani, alfa] = imread("jani.png");

Cha tatu ndicho uwazi wenyewe: 0 ni wazi kabisa, 255 ni pamejaa. Nilipopima wastani kwa uzito wa alfa, kijani kikaja 121. Hiyo niliiamini. Kuhusu cha pili, ukikuta ramani si tupu, namba zilizomo kwenye picha si rangi bali ni nafasi za rangi katika orodha; zipitishe kwanza kwenye ind2rgb.

Jambo la uint8, yaani namba nzima za 0 hadi 255, lilinila siku mbili. Nilitaka kulaza jani juu ya nyeupe, nikaanza kwa alfa/255. Kingo zikatoka na meno kama msumeno. Sababu ni kwamba picha ya biti 8 husomwa kama namba nzima, na Octave ikigawanya namba nzima hukadiria hadi namba nzima iliyo karibu: 127/255 inakuwa 0, 128/255 inakuwa 1. Ulaini wote wa ukingo unafutika. Geuza kwanza ziwe double, yaani namba za desimali:

p = im2double(picha);
a = im2double(alfa);
mwisho = p .* a + (1 - a);

Hapa napenda kuisifu Octave. Alfa ni tabaka moja na rangi ni matabaka matatu, lakini inajua yenyewe kulitandaza lile moja juu ya yote matatu. MATLAB, programu ya kulipia inayofanana nayo, ililianza hilo katika toleo la R2016b. Octave ililifanya mapema zaidi, tangu 3.6.

Eneo la jani ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kwa nukta 300 kwa inchi, sentimita moja ya mraba ina pikseli 13,950. Mwanzoni nilihesabu kila pikseli yenye alfa kubwa kuliko sifuri, na jani moja likatoka sentimita za mraba 97.8. Kwenye karatasi ya grafu, kwa penseli na uvumilivu, lilikuwa 96. Jani la muhogo lina vidole virefu vyembamba, hivyo ukingo wake ni mrefu mno, na kila pikseli ya ukingo iliyofunikwa nusu nilikuwa naihesabu nzima. Nikajumlisha alfa yenyewe, sum(a(:))/13950, nusu ikahesabiwa nusu. Nikapata 96.2.

Uangalie ukubwa wa kumbukumbu. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho ni pikseli 2480 kwa 3508. Rangi tatu kwa uint8 ni MB 26, lakini zikigeuzwa double zinafika MB 209, na laptop yangu ina GB 4 tu. Nakata picha kuzunguka jani kabla ya kugeuza, au natumia single, ambayo ni nusu ya hapo.

Ninacholalamikia ni uchoraji. Katika MATLAB unaipa imshow, amri ya kuonyesha picha, picha yako, kisha unaweka AlphaData, yaani namba za uwazi, na uwazi unaonekana. Octave ninayotumia inayo sifa ya jina hilo, lakini mwongozo wake wenyewe unasema haitumiki kwa picha. Ndiyo maana nalaza jani juu ya nyeupe kwa mkono kila ninapotaka kulitazama. Kuhifadhi hakuna shida: imwrite inapokea "Alpha" na faili linatoka na uwazi wake.

Kwa programu ya bure, iliyoanza kutengenezwa na John W. Eaton mwaka 1992 na inayofanya kazi bila intaneti, nitaendelea nayo. Majani 186 niliyokuwa nimeyapima kwa njia ya kwanza nimeyapitisha upya yote, na jedwali la zamani nimelifuta.