Dola 85 kwa kitabu kisicho cha 1952: uzoefu wangu na mnada wa vitabu mtandaoni

Nimeipa tovuti hii nyota mbili kati ya tano. Ni ya mnada, ya ng'ambo, na jina lake naliweka kando.

Mimi hukusanya riwaya za fantasia: mizimwi, nchi za wafu, miji iliyozama. Mapenzi haya nilirithi kwa nyanya, aliyetusimulia Simbi Nyaima, kijiji cha karibu na Kendu Bay kilichomezwa na maji usiku mmoja kwa sababu watu wake walimnyima bibi kizee makao. Vitabu vyangu vingi nimevitoa soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku za Jumapili, kwa wauza mitumba, shilingi 100 au 150 kimoja. Kimoja tu hakikuwahi kuonekana pale: The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola wa Nigeria, kile kilichotolewa London na Faber and Faber mwaka 1952. Nakala ya kusoma ninayo, kurasa zimeanza kuchomoka. Niliitaka ile ya mwanzo kabisa.

Majuma mawili ya kwanza nilitazama tu, na niliyoyaona yalinishangaza. Kuna muuzaji aliyeweka karatasi ya kufunikia jalada peke yake, bila kitabu, na mwisho wa maelezo, kwa herufi ndogo, akakiri kwamba ni nakala iliyochapwa upya juzi. Kuna aliyeuza buku la pili na la tatu la hadithi moja, la kwanza halipo. Mwingine alitaka dola 900 kwa The Hobbit, riwaya ya J.R.R. Tolkien, ya jalada laini, iliyochakaa, chini yake ameandika "nadra sana". The Hobbit iliyo nadra ni ya Septemba 1937, ambayo chapa yake ya kwanza ilikuwa nakala 1,500 tu. Ya jalada laini ilitoka miaka mingi baadaye.

Ya Harry Potter ndiyo imeharibu soko zaidi. Kitabu cha kwanza kilipotoka Uingereza mwaka 1997, nakala za jalada gumu zilikuwa 500, na nyingi zikaenda maktaba. Desemba 2021 moja ilinunuliwa Marekani kwa dola 471,000. Tangu hapo kila mwenye nakala kabatini anaiona mali. Alama za kutazama zinajulikana: safu ya namba kuanzia 10 hadi 1 kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, na ukurasa wa 53 ambapo fimbo moja ya uchawi imetajwa mara mbili katika orodha ya vifaa vya shule. Nilihesabu wauzaji kumi na mmoja waliodai "toleo la kwanza". Wawili tu ndio walioonyesha ukurasa wa haki, na safu zao zote mbili ziliishia kwenye namba kubwa kuliko 1, yaani hazikuwa za chapa ya kwanza.

Hayo nilikuwa nayajua, na bado nikaumia.

Tutuola wangu alipojitokeza, picha zilikuwa tatu: jalada mbele, jalada nyuma, na mgongo. Maelezo yalisema "toleo la kwanza la Faber". Mnada ulifungwa saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu. Nilikaa macho na bando la intaneti, tukashindana watu wawili kutoka dola 30 hadi 85, nikashinda. Usafirishaji dola 38. Kwa shilingi 129 kwa dola, pamoja na VAT ya asilimia 16, nilikwisha kutoa zaidi ya elfu kumi na nane kabla ya kukishika. Kilifika Posta ya Kisumu baada ya wiki saba. Nilikifungua palepale kaunta, nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa haki. Mwaka 1952 ulikuwepo. Chini yake mstari mwingine: kimechapwa tena.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba yeye aliandika toleo, hakuandika chapa, na kwamba maandishi hayajabadilishwa, kwa hiyo toleo ni lilelile. Kwa lugha ya wachapishaji hilo halina kosa: toleo moja laweza kurudi mtamboni mara nyingi, na kila mara ni chapa mpya. Lakini mkusanyaji hulipia ile chapa ya kwanza, na muuzaji wa vitabu vya zamani analijua hilo. Tovuti ikampa haki yeye. Kama nataka kukirudisha, nauli ni yangu.

Nyota moja nimeikata kwa uamuzi huo. Mbili nimezikata kwa sababu tovuti inamruhusu mtu kuandika "nadra" na "toleo la kwanza" bila kumlazimisha kuonyesha ukurasa mmoja ambao ungemaliza ubishi wote. Ni picha moja ya simu! Zilizobaki inazistahili, kwa sababu kuna kichujio kinachoonyesha vitabu vilivyokwisha kuuzwa na bei iliyolipwa. Ile The Hobbit ya dola 900, nilipotafuta wenzake humo, nyingi zilikwenda kwa dola 10 hadi 15. Bei anayoiweka muuzaji ni matamanio yake. Yaweza kukaa hapo mwaka mzima. Na kwa nakala za kusoma tu, ambazo huku kwetu hazipatikani, nimepata mbili nzuri kwa bei ya haki.

Tutuola nimemfunga kwenye mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya ziwa hii hutia karatasi madoa ya kahawia upesi. Juzi ametokea mwingine, dola 140, picha mbili, zote za jalada. Nimemwomba muuzaji picha ya ukurasa wa haki. Mnada unafungwa Alhamisi, na hajajibu.