Nyumba mpya Dar es Salaam: ya kununua kwanza na ya kuacha

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Ndiyo maana dalali akikupigia asubuhi kwamba kuna nyumba mpya Goba, vyumba vitatu, kimoja masta, ukifika saa nane mchana unaambiwa kuna mtu ameshatanguliza hela. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni njia ya kukutoa jasho ili ulipe kabla hujauliza maswali.

Nimezunguka jiji hili mwaka mzima nikitafuta nyumba yangu, na kabla ya hapo nilimsindikiza mdogo wangu kwenye safari hiyohiyo. Njia tano zilizopo sokoni nimezipanga kwa kigezo kimoja: ni mambo mangapi unaweza kuyaona na kuyathibitisha kabla hela haijatoka mkononi. Bei inakuja baadaye.

1. Nyumba iliyokwisha, ndani ya mradi uliopimwa

Hizi ni nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), za Watumishi Housing kwa watumishi wa umma, na za kampuni binafsi zenye miradi iliyokwisha kukabidhiwa. Eneo limepimwa na barabara zimeachwa. Juu ya yote, kuna majirani walioingia kabla yako, na hao ndio wa kuwasikiliza, si mtu wa mauzo aliyevaa fulana ya kampuni.

Nenda jioni watu wakiwa wametoka kazini. Piga hodi, jitambulishe, uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwezi na inasimamiwa na nani. Kisha uliza kama wameshapewa hati. Kama ni ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo iwe na hati yake. Majirani wakikuambia wana miaka mitatu ndani na hati bado ni ahadi, jua na wewe utapanga foleni hiyohiyo.

Ubaya wake ni bei, na mara nyingine umbali. Ukinunua Kigamboni, piga hesabu ya kuvuka, iwe ni pantoni au tozo ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, kwa siku zote za kazi za mwezi. Hesabu hiyo iweke kwenye bei ya nyumba.

2. Pagale kwenye kiwanja chenye hati

Najua wengi watashangaa kuliona pagale juu ya nyumba iliyokwisha ya mtu binafsi. Lakini pagale halijapigwa plasta, kwa hiyo halifichi kitu. Unaona tofali zimepangwaje, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imepita wapi, nondo zimetokeza za unene gani, msingi umeinuka kiasi gani kutoka chini. Tofali likimomonyoka ukilisugua kwa ufunguo, umeshapata jibu. Kama pagale limesimama misimu miwili ya masika bila ufa, mvua imeshakufanyia ukaguzi.

Kinachowaponza wanunuzi wa mapagale ni kudhani kwamba nyumba iliyofika lenta imefika nusu. Bado kuna kenchi (mbao za paa), bati, plasta, umeme, mabomba, madirisha ya aluminiamu, jipsamu, tailsi, milango, shimo la maji machafu, fensi na geti. Kabla ya kupatana bei, mpeleke mkadiriaji majenzi au fundi usiyejuana naye kupitia muuzaji, akuandikie gharama za kumalizia, kitu kwa kitu. Jumlisha na bei ya pagale, kisha linganisha na nyumba zilizokwisha mtaa huohuo. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, na hapo ndipo utajua useme bei gani.

3. Nyumba mpya ya mtu binafsi

Hapa ndipo soko lenyewe lilipo: Madale, Goba, Mbweni, Kibada, Kinyerezi. Mtu ananunua kiwanja, anajenga, anauza, anahamia kiwanja kingine. Wapo wanaojenga vizuri kabisa. Wapo pia wanaojenga ili nyumba ipendeze siku utakapokuja kuiangalia.

Mdogo wangu alinunua ya namna hiyo mwezi wa Januari. Rangi ya maziwa, taa za kwenye jipsamu, jiko lenye makabati hadi juu. Aprili mvua zilipokolea, maji yalipita nyuma ya nyumba kama mto, yakaingia kwa mlango wa jikoni. Tulipoyavuta makabati tukakuta alama ya unyevu, mstari wa rangi ya kahawia uliofika karibu na goti, na juu yake rangi mpya iliyopakwa mara mbili. Ile nyumba ilikuwa imeshaonja masika kabla yake. Muuzaji alikuwa amebadilisha namba ya simu.

Tangu siku hiyo siendi kuangalia nyumba bila sarafu mfukoni. Nagonga tailsi moja baada ya nyingine, chumba kwa chumba. Iliyoshika vizuri inalia kavu, iliyo tupu chini inalia kama debe. Moja mbili si neno. Zikifika nusu ya sebule, hiyo sakafu itainuka. Nafungua bomba zote kwa wakati mmoja na kuvuta maji ya choo. Nayaonja maji ya kisima, kwa sababu maeneo mengi ya karibu na bahari yana maji ya chumvi yatakayokula koki na hita zako. Napitisha mkono nyuma ya makabati. Napanda darini kuona kenchi kama zimepakwa dawa ya mchwa. Dalali akianza kutazama saa, naendelea tu.

Kisha natoka nje na kutembea mtaa. Mama anayeuza vitafunwa kwenye kona anajua maji yanapita wapi kuliko mchoro wowote. Muulize: "Shikamoo mama, mvua zikinyesha hapa panakuwaje?" Kama kuna mto au korongo karibu, pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Ukiwa kando ya barabara kuu, ulizia hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilipigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa, zikiwemo za watu waliojenga kwa miaka mingi ya kujinyima.

Ukiweza kusubiri, inunue nyumba ya namna hii wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Soko la Dar halikupi kawaida nafasi ya kusubiri, lakini kwa hili mimi ningekubali kupitwa na nyumba mbili tatu.

4. Ghorofa la kwenye ramani

Unalipa kwa awamu jengo likiwa bado shimo, na bei ya mwanzo huwa ya chini. Kwa msimamizi imara inawezekana: NHC iliuza kwa njia hii nyumba za mradi wake wa Kawe uliopewa jina la Samia. Ila kumbuka mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni. Maghorofa yalishainuka, yanaonekana kutoka mbali, kisha ujenzi ukasimama 2016 na yakabaki magofu kwa miaka.

Usilipe kwa tarehe za kalenda. Mkataba useme unalipa hatua ya ujenzi inapokamilika: msingi, ghorofa kadhaa, paa. Useme pia ukicheleweshewa unarudishiwa nini na lini. Tazama kama ardhi yenyewe imewekwa rehani benki, maana kama imewekwa, benki ina haki kabla yako.

5. Nyumba mpya kwenye eneo lisilopimwa

Ninaiweka mwisho na sina maneno mengi. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana. Si hati. Leseni ya makazi, yaani kibali cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa, inasaidia, lakini ni ya muda mfupi na inahuishwa. Na ile asilimia 10 unayoambiwa umpe mwenyekiti ili ashuhudie, hakuna sheria inayompa. Kama pesa zako zinatosha huku tu, nunua kiwanja kilichopimwa mbali zaidi, ujenge chumba kimoja uanze nacho.

Kuhusu mkopo

Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu kwa kawaida zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua shilingi milioni 100 kwa asilimia 16. Kwa miaka 20 utalipa takriban 1,391,000 kila mwezi, jumla karibu milioni 334. Kwa miaka 15 utalipa takriban 1,469,000, jumla karibu milioni 264. Yaani 78,000 ya ziada kwa mwezi inakuokolea karibu milioni 70. Benki itakuonesha marejesho ya mwezi peke yake, wewe omba na jumla iandikwe. Mkopo una faida nyingine watu hawaisemi: benki itaikagua hati kabla ya kutoa hela. Ikiikataa, usiinunue hata kwa fedha taslimu.

Siku za makaratasi

Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji wala wa dalali. Afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, aone jina la mmiliki, rehani na zuio lolote. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha taifa cha aliyekaa mbele yako. Mpeleke mpima ardhi akutafutie mawe ya mipaka, kwa sababu wapo waliouziwa hati ya kweli ya kiwanja cha jirani. Kama muuzaji ana mke au mume na ile ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake, basi naye aje asaini mbele ya wakili.

Baada ya hapo ni fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kodi ya faida ya mauzo ambayo ni ya muuzaji kulipa TRA, na ushuru wa stempu. Muuzaji akikusihi mwandike bei ndogo ili kodi ipungue, kataa. Siku mkigombana mahakamani, bei iliyoandikwa ndiyo utakayorudishiwa.

Usimalize hela yote siku ya kusaini. Mkubaliane sehemu ibaki mpaka hati itoke kwa jina lako. Ukikabidhiwa funguo, piga picha mita ya LUKU na ya maji, uliza kama kuna deni, na uende na fundi wa vitasa siku hiyohiyo. Fundi wa tailsi, wa rangi na wa umeme wote walipewa ufunguo wa ile nyumba wakati wa ujenzi.