Chanjo ya taifodi Nairobi: soma chupa kabla ya sindano

Ukiingia kliniki ya Nairobi ukaomba "chanjo ya taifodi", unaweza kudungwa mojawapo ya chanjo mbili tofauti, na risiti isiseme ni ipi. Kiasi hakikusaidii kuzitofautisha: zote ni nusu mililita, zote zina mikrogramu 25 za Vi, sukari inayomfunika bakteria wa Salmonella Typhi. Tazama lebo. Chanjo mpya, TCV, sukari yake imeunganishwa na protini, mara nyingi ile ya chanjo ya pepopunda. Ya zamani, kama Typhim Vi, ni sukari tupu.

Hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Sukari tupu haimfai mtoto wa chini ya miaka 2, maana mwili wake bado hauitambui vizuri. Hata kwa mtu mzima haiachi kumbukumbu katika kinga, ndiyo maana hurudiwa kila miaka 3. Ikishikizwa kwenye protini, mwili huichukulia kama adui kamili na kuikumbuka. TCV ni sindano moja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza kuanzia miezi 6 hadi miaka 45. Katika jaribio la Malawi, bado ilizuia takriban asilimia 78 ya taifodi iliyothibitishwa kwa damu baada ya zaidi ya miaka 4. Kwa bidhaa ya sindano moja, hayo ni matokeo mazuri sana.

Mtoto usimlipie. Serikali ilianza kutoa TCV bure Julai 2025, kwa kampeni ya walio na miezi 9 hadi chini ya miaka 15, kisha ikawekwa kwenye ratiba ya kawaida ya miezi 9. Mtu mzima, kama mwenye kibanda cha chakula, ndiye atakayehangaika kwenye kliniki za kibinafsi. Na asidhani cheti cha afya cha kila miezi 6 ni chanjo. Kile ni cha vipimo tu.

Omba kuiona chupa. Muuguzi mzuri hakasiriki. Ikiwa ina alama ya joto, ile inayobadilika rangi chupa ikipata joto, kiboksi cha ndani lazima kiwe cheupe kuliko duara linalokizunguka. Rangi zikilingana, ikatae. Watu wengi huhofia stima kupotea, lakini hatari isiyoonekana ni baridi kupita kiasi: chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa iliyosukumwa hadi ukuta wa nyuma wa friji ndogo ya nyumbani huganda. Ikishaganda hata ikayeyuka na kuonekana safi, ni ya kutupwa. Chupa ya dozi nyingi iwe imeandikwa tarehe ilipofunguliwa.

Mtu mzima hudungwa begani, mtoto mchanga pajani, ndani ya msuli. Mkono utauma na homa ndogo huenda ikaja siku moja au mbili. Ukiwa tayari na homa kali, ahirisha.

Mapungufu yapo. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, na chanjo haitibu aliyekwisha kuugua. Paratyphi A, ndugu wa taifodi, hana Vi, kwa hivyo anapita. Ndiyo maana homa ya siku nyingi baada ya chanjo bado inahitaji damu kuoteshwa maabara, tena kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Kipimo cha Widal cha mara moja, kile cha dakika chache kinachopendwa mtaani, hakitoshi: huonyesha kingamwili tu, na hizo zinaweza kubaki kutoka ugonjwa wa zamani au kuletwa na maambukizi mengine.

TCV: ichukue. Sukari tupu: ikubali tu ikiwa TCV haipatikani na una miaka 2 au zaidi. Maji yachemshwe vilevile, hasa yale ya kwanza kutoka baada ya mgao. Bomba likikaa tupu hufyonza maji ya mtaro kupitia nyufa zake.