Mthamini wa Silaha za Kale Aliyeanza na Chuma, Kisha Hadithi

Nilimsindikiza baba mkwe wangu kwa mthamini wa silaha za kale mwenye ofisi katikati ya jiji la Nairobi, tukiwa na cheti cha kumiliki silaha na bastola ya Kijerumani aina ya Luger P08. Familia imeamini miaka yote kwamba babu yake, mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza ambacho mtaa wa Kariokor ulirithi jina lake, aliipata kwenye mapigano dhidi ya Wajerumani ya Salaita, karibu na Taveta, mnamo Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mthamini hakuigusa kabla ya kulinganisha nambari ya cheti na ile iliyopigwa kwenye chuma, kisha akahakikisha kwamba haina risasi. Utaratibu huo pekee ulinipa imani naye.

Alianzia juu ya chemba, sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ambapo bastola za jeshi za enzi ile hupigwa mwaka wa kutengenezwa, na hapo pakasomeka 1917, huku kwenye kiungo cha nyuma kinachojikunja kama goti pakiwa na herufi zilizofumana za DWM, kiwanda cha Berlin. "Mzee, samahani," akasema kwa upole, "mwaka huu haukubaliani na Salaita." Akaeleza kwamba meli ya mwisho kuwafikishia Wajerumani wa Afrika Mashariki shehena, Marie, ilitia nanga Machi 1916, na kwamba ndege-puto L59 iliyotumwa Novemba 1917 iligeuzwa njiani ilipokuwa juu ya Sudan. Kwa hiyo bastola hii haiwezi kuwa ilitekwa Salaita, na kuna uwezekano mkubwa kwamba iliingia nchini baada ya vita. Baba mkwe alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimheshimu mthamini kwa kutomficha, kwa maana mwingine angeikubali hadithi ile na kuipandisha bei.

Uchunguzi uliofuata ulikuwa wa kina vilevile. Tarakimu mbili za mwisho zilizopigwa kwenye vipande vidogo zililingana na nambari kamili ya mtutu na ya kiunzi, yaani mwili wa bastola, jambo ambalo wakusanyaji hulithamini mno. Magazini, yaani kibebeo cha risasi, hata hivyo, ilikuwa na kitako cha alumini, ilhali za Vita vya Kwanza zilikuwa na kitako cha mbao. Kibaya zaidi, triga na wenzo wa usalama, ambavyo vilitoka kiwandani vikiwa na rangi ya nyasi kavu, vilikuwa vyeusi kama mtutu, nazo kingo za herufi zilikuwa zimelainika. Ishara kwamba bastola ilisuguliwa na kutiwa rangi upya, kosa linaloshusha thamani kuliko mikwaruzo ya umri.

Malalamiko yangu ni kuhusu ripoti. Tulilipa shilingi 7,500 na kungoja wiki tatu, tukapokea kurasa mbili zisizo na picha hata moja ya mihuri iliyotajwa, ingawa mnunuzi yeyote makini ataanza kwa kuidai. Tulipoomba picha, tukaambiwa zina malipo ya ziada ambayo hayakutajwa mwanzoni.

Hata hivyo, mwenye silaha ya aina hii iliyosajiliwa ningemwelekeza hapo bila kusita, mradi akubaliane juu ya picha kwa maandishi kabla ya kutoa pesa.