Pauni 220 kwa siku moja ya kuvua trauti mtoni Usk

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Pauni 220 kwa mtu mmoja, kuvua samaki aina ya trauti katika mto Usk, Wales, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ndani yake mna mwelekezi, fimbo, mshipi, nzi bandia (chambo cha manyoya kinachofungwa kwenye ndoana kuiga mdudu), suruali ya mpira inayofika kifuani, kibali cha kuvua kwenye kile kipande cha mto, na chakula cha mchana. Leseni ya serikali unajinunulia mwenyewe kwenye intaneti, pauni saba na kitu kwa siku. Usiipuuze, ukikamatwa bila leseni faini inaweza kufika pauni 2,500.

Mke wangu alipoiona risiti aliuliza nitarudi na samaki wangapi. Nikamwambia hakuna, wote wanarudishwa mtoni. Akaingia jikoni bila kusema neno, na kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Mimi ni mtu wa Othaya, Nyeri, kwa hiyo trauti si mgeni kwangu. Tulimvua katika mto Gura kwa nyungunyungu na kijiti, sikio moja likimsikiliza askari wa samaki, kwa sababu watoto wa kijijini hatukuwa na ruhusa wala hatukujua inaombwa wapi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba yule trauti wa kahawia wa Gura hakuwa mwenyeji. Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, ndiye aliyeagiza mayai yake kutoka ziwa la Loch Leven, Scotland, mwaka 1905. Sasa nina miaka kumi na mmoja hapa Newport, Wales, mahali mto Usk unapoishia baharini. Kila usiku nikienda kazini nauvuka darajani, na maji yakiwa yamekupwa huoni ila matope. Nilipoambiwa na mwenzangu wa kazini kwamba ukiufuata mto huo huo kwenda juu, kupita miji ya Abergavenny na Crickhowell, unakuta maji safi yaliyojaa trauti wa kahawia, niliona haifai kukaa mlangoni kwake miaka yote hiyo bila kwenda kumsalimia kwao.

Msimu wa trauti kwenye mito ya Wales huanza tarehe 3 Machi na kwisha 30 Septemba. Nilikuwa nimeweka nafasi ya mwisho wa Machi. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, mto ukawa rangi ya chai ya maziwa. Jioni ya kuamkia safari, mwelekezi akanipigia simu mwenyewe: usije, utapoteza pesa zako. Akanipa siku nyingine katikati ya Aprili bila kuniongezea hata senti. Hilo nawapa alama kamili. Ningekuwa sijui kitu, na wangeniacha nije nikapige maji kwa fimbo kutwa nzima, ningelipa na kushukuru.

Sasa lawama, nizitoe mapema. Suruali ya mpira waliyonipa ilikuwa inavuja mguu wa kushoto. Si kuvuja kwa tone moja moja. Kufika saa tano nilikuwa na kisima ndani ya soksi, na kipimajoto cha mwelekezi kilikuwa kinasoma nyuzi 9 pale mtoni. Nilipomwambia alinipa soksi kavu, kisha nikairudia suruali ile ile. Kwa bei hii mtu hategemei kuazimwa vazi lenye tundu. Tena picha za kwenye tovuti yao zina samaki wa kubebwa kwa mikono miwili. Mwelekezi mwenyewe alicheka nilipomwuliza, akasema huyo mmoja alipatikana miaka mingi iliyopita, usiku. Basi andikeni hivyo chini ya picha.

Tulianza kwenye majani, si majini. Mwisho wa mshipi alifunga kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, akanifundisha kurusha. Hapa nilipata taabu ambayo ni msomaji wa Kiswahili tu atakayenielewa. Alisema nijifanye nimesimama pembeni mwa uso wa saa: fimbo mbele isimame kwenye kumi, nyuma isipite moja. Sasa kwetu mshale ukiwa kwenye kumi ni saa nne, ukiwa kwenye moja ni saa saba. Yeye anaita "kumi!", mimi kichwani natafsiri, mkono unachelewa, mshipi unanishukia shingoni kama kamba ya mbuzi. Mwishowe nikaachana na saa zote mbili nikamwangalia mkono wake. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, Mwelisi, haongei sana, na alirusha kama mtu anayefukuza nzi mezani, bila nguvu yoyote. Nguvu ndiyo iliyokuwa shida yangu.

Halafu tukaingia mtoni, mawe yanateleza kama sabuni iliyolowa, na kwa saa moja na nusu hatukuona chochote. Nilirusha, nikarusha. Kufika saa sita kasorobo akaniambia nitoke, nikae. Akaketi kwenye gogo, akafungua chupa ya supu ya liki, akanimiminia. Nilikuwa napiga hesabu kimoyomoyo: pauni 220 kwa saa nane ni pauni 27 na nusu kwa saa, nami nakunywa supu juu ya gogo. Nikamwuliza kwa nini tusiendelee. Akainama, akachota jiwe kutoka ukingoni, akaligeuza. Chini yake vilishikilia vidudu bapa, vyeusi, vyembamba kuliko ukucha, miguu imetandazwa kama ya kaa. Hivi, akasema, ndivyo tunavyovisubiri.

Mdudu huyo huitwa March Brown, na mto Usk una sifa kwa ajili yake. Anaishi chini ya mawe karibu mwaka mzima. Majira ya machipuko, mchana maji yanapopata joto kidogo, hupanda juu, hupasua gamba lake pale pale majini, na kabla mabawa hayajamtii kuruka huelea kwa muda mfupi. Hawatoki mmoja mmoja. Hutoka kwa mikupuo: kundi kubwa dakika kumi, kisha kimya, kisha kundi jingine. Trauti aliyekaa na njaa majira yote ya baridi hupanda kwa dakika hizo hizo, na zikiisha hurudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo asubuhi yangu yote ya kurusha ilikuwa mazoezi tu, na mzee alilijua hilo tangu tulipofika.

Saa saba kasoro dakika ishirini alinigusa bega. Mdudu mmoja alikuwa anashuka na maji, mabawa yamesimama kama tanga. Nyuma yake wawili. Kisha sikuweza kuhesabu. Na hapo, karibu na mzizi wa mti ng'ambo, maji yakafunguka na kujifunga, sauti ndogo kama mtu anayefyonza chai ya moto. Halafu pengine. Halafu mto mzima, ule uliokuwa mtupu, ukawa unafyonza.

Nzi aliyenifungia alikuwa wa manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye ndoana, na unyoya wa kware mbele. Ukimweka kiganjani hafanani na kitu. Ukimweka majini humtofautishi na wenzake. Samaki wa kwanza alimchukua, nami nikavuta kwa ile nguvu ya Gura, ya kumtupa samaki nyuma kwenye majani kabla askari hajafika. Uzi ukakatika. Mzee hakunikaripia, alifunga nzi mwingine, vidole vikitetemeka kidogo kwa baridi au kwa haraka, akasema: inua tu, kama unainua kikombe.

Nikainua kama kikombe. Samaki alikuwa na urefu wa kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, labda nusu kilo. Mzee alinilazimisha kulowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humtoa samaki ule utelezi unaomkinga na magonjwa. Tulimtazama ndani ya kimia, bado yumo majini: tumbo rangi ya siagi, ubavuni madoa meusi, na kati yake madoa mekundu, kila moja na duara jeupe kulizunguka, kama mtu alikaa akayachora kwa subira. Madoa yale yale. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, miaka thelathini. Ndoana haina kijino, ilitoka kwa kuigusa tu. Samaki akasimama miguuni pangu akipumua, kisha hakuwepo.

Kundi lile lilidumu dakika kumi na mbili. Kabla ya saa tisa likaja jingine, dogo zaidi, nikapata wa pili, na mwingine akajitoa mwenyewe. Siku ikaishia hapo, ingawa tulibaki mtoni hadi saa kumi na moja kama tulivyokubaliana. Hakunikatia hata dakika.

Wewe unayetaka samaki wa sufuria, usilipe pesa hii. Tafuta mabwawa yanayofugwa trauti wa upinde wa mvua, huko unaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Mwenye magoti mabovu naye afikirie mara mbili, maana kutoka unapoegesha gari kuna robo saa ya kutembea katikati ya kondoo, na ukingo ni mwinuko. Usiende kabla ya Aprili kama huna moyo wa kuahirishiwa. Na kama umeshajua kurusha, huna haja ya mwelekezi: vibali vya siku vya mto huu vinanunuliwa kwenye intaneti kupitia Wye and Usk Foundation, shirika linalotunza mito hiyo, kwa pesa kidogo sana kuliko hizi. Lakini kama hujui, peke yako ungepigapiga maji tangu asubuhi, na saa saba kasoro dakika ishirini ungekuwa umekata tamaa, uko garini unawasha injini.

Nyota nne. Ya tano imo ndani ya soksi yangu ya kushoto. Nimeshalipa malipo ya awali ya Aprili ijayo, na suruali ya mpira nimenunua yangu.