Robinson Crusoe: Kusoma Maandishi Peke Yake au Pamoja na Zama Zake

Mwanafunzi wa fasihi ya Magharibi anayekifungua kitabu cha Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe iliyotolewa London mwaka 1719 kuhusu mtu aliyevunjikiwa merikebu na kubaki peke yake kisiwani, ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki ndani ya maandishi, akichunguza usimulizi wa nafsi ya kwanza, orodha ya mema na mabaya ambayo Crusoe anaipanga kama mhasibu, na ule unyayo mmoja mchangani unaomtia hofu. Njia hii hunoa jicho, na binafsi ningemwanzishia mwanafunzi hapo.

Hata hivyo, njia ya pili, ya kukisoma kitabu pamoja na zama zake, huuliza jambo ambalo ya kwanza hulipita upesi: merikebu ilipovunjika, Crusoe alikuwa akienda wapi? Alikuwa ameliacha shamba lake la Brazili akielekea pwani ya Guinea kuchukua watumwa, na kabla ya hapo alikwisha kumuuza Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani, kwa vipande 60 vya fedha. Msomaji anayejua kwamba mwaka 1713 Uingereza ilipata mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Hispania haisomi tena orodha ile ya kihasibu kama tabia ya mtu mpweke tu.